Mama Marsiana Kasonso, Mtafuta Wasindikizaji wa Kituo cha Tulizo

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Marsiana Kasonso anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba katika Kituo cha Tulizo, hapa Milanzi, Sumbawanga. Uongozi uliomba wasifu mfupi. Tumejitahidi, ingawa mwenyewe hajawahi kufanya jambo lolote kwa ufupi.

Kwa wageni wasiotufahamu: kituo chetu hupokea wanawake na watoto waliopigwa au kunyanyaswa nyumbani. Mtu akifika, tunamtafutia mahali salama pa kulala, daktari na wakili. Tunamtafutia pia msindikizaji, yaani mtu wa kujitolea atakayekaa ubavuni mwake polisi, hospitalini na mahakamani, asije akabaki peke yake mbele ya wale wanaomwambia arudi nyumbani akavumilie.

Mama Marsiana alianza kama msindikizaji na, ukweli usemwe, kazi hiyo hakuiweza. Msindikizaji hutakiwa kukaa kimya. Siku moja mshtakiwa aliieleza mahakama kwamba mkewe alijigonga kwenye mlango wa chumbani. Ukasikika msonyo mrefu kutoka benchi la nyuma. Hakimu akauliza nani amesonya. Mama Marsiana akasimama na kuinamisha kichwa kwa heshima.

"Ni mimi, mheshimiwa. Mlango huo nimeuona. Ni pazia."

Alitolewa nje. Ndipo kituo kikaamua kwamba, badala ya kusindikiza, awe anatafuta watu wanaoweza kusindikiza bila kusonya. Tangu hapo Sumbawanga haikuwa salama kwa mtu yeyote mwenye moyo mzuri na nafasi ya saa mbili kwa wiki.

Wakili Felisian alinaswa kwenye harusi yake mwenyewe. Wageni walikuwa wanapita mbele wakicheza na zawadi zao. Mama Marsiana alifika na blanketi, akamwinamia bwana harusi sikioni na kumwomba awatetee wateja wetu bure. Muziki ulikuwa mkubwa. Felisian, akidhani anaombewa baraka, akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Aliporudi kazini alikuta wateja wawili wanamsubiri kwenye benchi. Hadi leo anawatetea, na mkewe, Rose, husema blanketi lile ndilo zawadi ghali kuliko zote walizopewa. Hata Mama Marsiana alipolazwa kwa malaria, alitoka wodini na muuguzi Debora, ambaye sasa ni msindikizaji wetu wa hospitalini.

Lakini kuna siku moja ambayo lazima tuisimulie. Kabula mwenyewe ameturuhusu, kwa sharti tusiandike kwamba alilia.

Kabula aliletwa kutoka Kaoze akiwa na mtoto mgongoni na mkono wa kushoto umevunjika. Aliyemvunja ni mumewe, Masanja. Majirani walisikia kila kitu, ila walipoulizwa kuhusu ushahidi, wote walikuwa shambani. Tukamhifadhi Kabula mahali pasipojulikana, tukabaki na kesi isiyo na shahidi.

Kisha akaja mama mkwe. Bibi Sayi aliingia mapokezi na fimbo ya kuchungia ng'ombe, bila kubisha hodi.

"Nimekuja kumchukua mke wa kijana wangu," alisema. "Ng'ombe zilitoka."

Utaratibu wetu unasema ndugu wa mtuhumiwa aombwe kuondoka kwa upole. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye ndiye aliyekuwa mapokezi, aliuangalia upole wake, akaiangalia na ile fimbo, akaenda kumwita Mama Marsiana. Yeye alikuja na kiti, chai na sahani ya maandazi.

"Shikamoo, mama. Hayupo hapa, na alipo sitakwambia. Ila umetoka mbali, kunywa chai."

Bibi Sayi alinuna, lakini chai aliinywa. Alipofika andazi la tatu akauliza, kama anayeulizia hali ya hewa, "Mkono ni upi?"

"Wa kushoto."

Bibi Sayi aliweka kikombe chini, akapandisha mkono wa gauni. Mfupa wake ulikuwa umeunga upande, kama tawi lililokua vibaya.

"Wangu ni wa kulia," alisema. "Baba yake Masanja."

Mama Marsiana, ambaye hakuna mkutano uliowahi kumnyamazisha, alinyanyua birika. Alimwongeza chai tu. Bibi Sayi akala maandazi yaliyobaki, akajifuta midomo kwa ncha ya kanga, akauliza kesi inasikilizwa lini.

Mahakamani, wakili wa Masanja alimuuliza Bibi Sayi kama hajui kwamba mshtakiwa ni mwanawe wa kumzaa.

"Najua. Nilikuwepo," alijibu Bibi Sayi. "Na siku anamvunja mwenzake mkono, nilikuwepo pia."

Masanja alifungwa. Baada ya hukumu mama yake alikaa kwenye ngazi za nje akalia kwa muda mrefu, na Mama Marsiana alikaa naye, wameshikana mikono, hakuna aliyemwambia mwingine anyamaze. Kisha Bibi Sayi akauliza kama kazi hii ya kukaa na watu mahakamani ina mshahara.

"Haina, mama."

"Ndiyo maana hamna watu." Akanyanyuka na fimbo yake. "Akija mwingine kutoka Kaoze, niite."

Aliitwa, na huitwa hadi leo. Askari wa mlangoni mahakamani humwomba aiache fimbo nje, naye humdai askari stakabadhi.

Kabula sasa ni fundi cherehani sokoni, na gauni atakalovaa Mama Marsiana siku ya sherehe amelishona yeye. Vipimo alikisia kwa macho, kwani mteja hakutulia hata dakika moja. Anasema kiunoni ameacha nafasi makusudi.

Mama Marsiana, wenzako tunakushukuru kwa kila uliyemfikisha mlangoni petu, wa hiari na wa kuvutwa. Nenda Wampembe kwa wanao, upumzike, ule samaki wabichi kila siku. Afya ikuandame, na tunakuombea unenepe mpaka gauni hilo likubane.

Ndimyake, Mapokezi
Kwa niaba ya wafanyakazi wote