Shahidi wa Mzee Hutchins

Nje ya mkahawa wa Makena, Coon Rapids, Minnesota, kuna benchi lisilokosa watu Jumamosi, labda theluji ikatae. Asubuhi hiyo Cleophas, ambaye wenzake wa benchi humwita Daktari kwa kuwa huogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, alishika kahawa bila kuinywa. Runinga ilikuwa imemtaja mzee anayemhudumia, Everett Dale Hutchins, kuwa mshukiwa wa kuchoma kanisa la Weusi huko Kusini mwa Marekani mwaka 1964. Hakuwahi kushtakiwa. Sasa mwanawe, Brandon, alitaka Cleophas asimame mbele ya kamera mchana huo, aseme mzee si mbaguzi.

— Wewe enda tu, akasema Gitonga, aitwaye Redio. Uki-refuse, wata-cut masaa yako.

— Kwanza tujue kwa nini hakushtakiwa, akasema Nasibu. Nasibu ndiye aliyeitwa Jaji pale benchini. Mahakamani alifika mara moja, kwa kosa la kuegesha gari vibaya. Sherifu wa kule alikuwa shemeji ya huyo mzee, akaongeza.

— Shemeji wapi! Huyo alikuwa spy. Serikali ika-hide faili.

— Jasusi afuate nini Minnesota? Alikimbilia baridi. Kwenye baridi alama za vidole hufutika.

— Hiyo umesomea wapi, Jaji?

— Vidole vyangu wakati wa baridi havifungui hata simu.

Redio akamgeukia Cleophas.

— Daktari, amekuchagua makusudi. Akifika mbinguni waki-mu-ask, atasema, ulizeni Cleophas, mweusi aliyeniogesha. Wewe ndiwe viza yake.

— Mimi nilipangiwa zamu tu.

— Hata viza hupangiwa siku.

Cleophas hakucheka. Alikuwa akitafuta tusi moja ambalo mzee amewahi kumtolea, halipati, na hilo ndilo lililomsumbua. Angesema nini mbele ya kamera, ila kwamba hajatukanwa?

Hamida, muuguzi kutoka mji wa Savage, mgeni pale, alikuwa akingoja chapati zake mlangoni.

— Samahanini, kaka zangu. Huyo mzee humwita huyu ndugu kwa jina gani?

Redio na Jaji wakamgeukia Cleophas.

— Miaka mitatu sasa, akasema Cleophas polepole. Akinihitaji huwa anabonyeza kengele.

Akatoa simu, akampigia Brandon Hutchins.

— Tafuta shahidi mwingine, bwana. Baba yako na mimi bado hatujajuana.