Bi Kuwabara na Mlio Mmoja wa Asubuhi

Tarehe 31 Machi, Bi Kuwabara Shizue anavua kitambulisho cha kampuni yetu ya simu za visiwani baada ya miaka arobaini na mmoja. Aliingia akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akiunganisha simu kwa mkono. Anaondoka akiwa mkuu wa ulinzi wa simu za intaneti, na sisi aliotufunza bado tunamwogopa kidogo.

Kabla watu hawajasema "halo", simu hutumiana ujumbe: nani anapiga, anampigia nani, nani amekata. Matapeli hughushi ujumbe huo wajifanye polisi, au huumwaga kwa maelfu mpaka mitambo izidiwe. Bi Kuwabara ndiye aliyewafungia mlango, na hakuwa na simile. Ukiacha nywila ya kiwandani kwenye kifaa, utaosha vikombe vya chai wiki nzima. Mimi nimeviosha mara tatu.

Lakini ninalomshukuru zaidi lilianza na kosa lake. Miaka sita iliyopita tulishambuliwa kwa simu zinazopigwa na kukatwa kabla ya kupokewa, akazizuia zote za namna hiyo. Mashambulizi yakakoma. Kesho yake malalamiko yakafurika. Tulikuwa tumesahau kwamba wazee wetu wanaoishi peke yao huwapigia watoto wao mlio mmoja kila asubuhi, kisha hukata: nimeamka, mzima. Fumi, aliyeko Nagasaki, hakuusikia mlio wa baba yake, Mzee Hamasaki, akamtuma jirani mbio. Mzee alikutwa shambani aking'oa figili.

"Nani kaniua tena?" akauliza. "Mwambieni asubiri, figili hazijaisha!"

Meneja alitaka tuwatangazie wazee waache desturi hiyo. Bi Kuwabara aliinama mbele yetu sote.

"Kosa ni langu, si lao," alisema. "Watu wakizoea kwamba simu ikiwa kimya ni hitilafu tu, siku mzee akinyamaza kweli nani atakwenda kumtazama?"

Akapanda feri, akapita nyumba kwa nyumba, akaipa kila simu ufunguo wake wa siri wa kujitambulisha kwa mitambo yetu. Tangu hapo mlio wa simu inayotambulika hupita, hata ukikatwa papo hapo; wa kughushi huishia mlangoni.

Majira ya baridi yaliyofuata, mlio wa Mzee Hamasaki haukufika tena. Hata safari hii Fumi hakupoteza muda kuulaumu mtandao, akamtuma jirani tena. Jirani alimkuta mzee ameanguka bafuni, nyonga imevunjika, baridi imemwingia, lakini anapumua.

Bi Kuwabara, tunakushukuru kwa ukali wako, na zaidi kwa siku ile uliyoinama. Nenda ukapumzike, afya na furaha zikuandame. Katika sherehe yako Mzee Hamasaki, sasa mwenye miaka tisini na mmoja, ameomba kusema neno. Tulimpa dakika tano. Amekataa, anataka nusu saa.