Mlima Bila Lori

Toka basi liondoke Gitega, Anisia alijifanya amesinzia ili asikilize vizuri waliokaa mbele yake. Kijana Nazario, mbeba ndizi wa Itaba, ambaye baiskeli yake ilifungwa juu ya basi, alimweleza mzee Hamissi, fundi cherehani wa Musinzira, kwamba kesho anashindana: kilomita mia na ishirini za milima, toka Muyinga hadi Gitega.

"Wengine wana baiskeli zenye springi," alisema. "Lakini mimi nimebeba mikungu minne kwa miaka sita. Watakula vumbi langu."

"Mi iko na furaha sana," Hamissi akasema. "Na milima, we unapandaka namna gani?"

"Milima ndiyo rahisi, mzee wangu. Nashika lori kwa nyuma, linanivuta mpaka juu."

Hamissi akavua kofia yake. "Mais kijana, mu course, mu mashindano, ukishika lori wanakutoa."

Nazario akageukia dirisha, akaitazama milima inayopita.

"Kumbe sijawahi kupanda hata mlima mmoja," Nazario akasema baada ya kona tatu, kisha akaanza kucheka.

"Donc, basi urudi nyumbani."

"Nirudi? Sasa ndiyo nina hamu."

Walikuwa bado wanabishana basi liliposimama Muyinga. Nazario akashusha baiskeli, akaipanda. Lori la mchanga likampita polepole likielekea mlimani. Toka dirishani Anisia akauona mkono wa kushoto wa Nazario ukiinuka wenyewe. Nazario akautazama kama wa mtu mwingine, akaurudisha kwenye usukani, akaanza kukanyaga.