Punda Asiye na Kamba: Bi Huwaida Anatuaga

Na bado hatujaamini, ingawa tumelizungumza wiki nzima ofisini: Ijumaa hii, tarehe nne, Bi Huwaida Abubakr anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya uwakili katika ofisi yetu ya msaada wa sheria, Mkomani, hapa mjini Amu.

Amewatetea wengi, lakini sifa yake imeenea kwa ajili ya waliohukumiwa kwa mauaji bila shahidi aliyeona tendo. Bi Hindu wa Pate alirudi kwa wanawe kwa juhudi zake. Msimamo wake ni ule ule: dalili zote ziungane, zimwelekee mtu mmoja tu. Pakibaki pengo, mtu asifungwe.

Naomba nieleze kesi ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa mwezi uliopita niliolewa na mshtakiwa.

Fawaz wangu, mchukuzi wa mchanga kwa punda, alifungwa maisha tukiwa wachumba. Jirani yake, Mungu amrehemu, aliuawa usiku nyumbani kwake. Mchana walikuwa wamezozana kuhusu mchanga uliomwagwa mlangoni pa huyo jirani, na alfajiri punda wa Fawaz akakutwa kwenye mlango huo huo. Basi. Fawaz mwenyewe hakuna aliyemwona.

Nilikwenda kuuliza habari za rufaa kila siku, hadi Bi Huwaida akachoka kunifungulia mlango, akaniajiri ukarani. Akaniita Bi Harusi tangu siku hiyo, bwana harusi akiwa gerezani! Nikilia, husema, "Bi Harusi, lia upande ule, utalowesha mafaili."

Kwenye rufaa aliwakumbusha majaji kwamba shahidi wa mashtaka mwenyewe alikiri punda hakuwa na kamba wala mzigo. "Waheshimiwa," akasema, "Amu punda hufunguliwa jioni, akalala apendapo. Huyu ametuonyesha alikolala yeye. Alikolala bwana wake, hakuna aliyetuonyesha." Majaji walicheka, na baada ya wiki chache wakaifuta hukumu.

Fawaz aliposhuka gatini, niliusahau mji mzima. Uso ule, jamani! Nilitupa mkoba nikakimbia. Aliyeuokota ni Bi Huwaida, akanishikia mpaka nilipokumbuka kuwa nina mkoba.

Asante, Bi Huwaida. Mungu akujaalie afya, usingizi mtamu wa mchana na wajukuu wasikivu. Kabla mwezi huu haujaisha, mimi na Fawaz tutakuja kwako Shela na punda yule yule, na safari hii tutamfunga kamba mlangoni pako, ili kila apitaye ajue kweli tumo ndani.