Amplifaya Ndogo ya Luhende

Kwenye kivuko cha kwenda Mwanza, Rebeka aliketi karibu na wanaume wawili wasiojuana, wakibishana juu ya amplifaya ya gitaa. Mwenye nayo, Luhende, alikuwa ameipakata. Ilikuwa ndogo, ya zamani, zile zenye taa za kioo ndani.

“Shikamoo mzee, lakini hapo umeliwa,” alisema Deodatus, kijana wa Bukoba. “Siku hizi ni ruksa kuagiza nje, maduka yamejaa mpya, kubwa kama kabati. Harusi nzima inasikia!” Kwa sauti yake, kivuko kizima kilikuwa kimeshasikia.

“Marahaba. Mimi sipigi harusini. Narekodi nyumbani Mirongo, nimetundika magunia ya pamba ukutani kuua mwangwi. Mama yangu ndiye anaimba. Kabati kama hilo niliwahi kuliazima, likaimeza sauti yake. Hii naifungulia mpaka mwisho, gitaa linalia, na mama bado anasikika. Nyimbo za kulimia anazijua zote!”

“Si aimbe kwa nguvu?”

“Ana miaka themanini, kijana!” Luhende alijibu kwa fahari, kana kwamba ameifikisha yeye.

Rebeka, ambaye marehemu mumewe alipiga gitaa maisha yake yote asiache hata kaseti moja, alitamani safari irefuke.

Kivuko kikatia nanga. Deodatus, bado akizisifu zile kubwa, alinyoosha mikono amsaidie kubeba.

“Acha tu,” alisema Luhende akiinuka nayo. “Mama ananisubiri.”