Siku Tano za Wamaya

Katika duka la mashine za kufulia, pale Langley Park, Maryland, Marekani, kuna benchi refu lililoegemea dirisha linalotazama vifusi vya reli mpya. Wakati wa baridi, hicho ndicho kijiwe chao. Khalfan wa Unguja, dereva wa basi la shule, huja na chupa ya kahawa ya tangawizi. Wanamwita Profesa kwa ajili ya video anazotazama. Festus wa Machakos, anayehudumia wagonjwa majumbani, ni Daktari. Anatoli wa Bukoba, mgane asiyekosa misa, ni Paroko. Siku hiyo ya Februari Anatoli alishika kikombe bila kunywa, akiwasimulia wenzake. Binti yake Jacqueline alikuwa akingoja jibu. Presha ya mimba ilikuwa imepanda, na hospitali imesema apasuliwe kesho. Kwao, siku ya jambo kubwa hutamkwa na mzazi. Aliyekuwa akiitamka ni mama yake, Ombeni, na Ombeni walimzika mwaka jana.

— Kesho? Khalfan aliweka chupa chini. Paroko, kesho si siku.

— Si siku vipi?

— Wamaya, bwana, wale wa kale wa huko Guatemala. Waliifuatilia sayari ya Zuhura kwa macho matupu, wakajua lini itapotea na lini itarudi. Basi mwaka wao ulikuwa na siku tano za mwisho, mbovu kabisa. Hutoki nje, huoi, nywele huchani. Na video yasema tumo ndani yake sasa hivi.

— Na mtoto akizaliwa humo? Anatoli aliuliza polepole.

Khalfan aliinamia kahawa yake.

— Bora usiniulize.

Festus akacheka.

— Si ni hao walisema dunia itaisha 2012?

— Hawakusema! Duru yao moja ilikwisha, ikaanza nyingine. Watu wakazusha.

— Mimi nasema iliisha.

— Nini?

— Dunia. Iliisha 2012 na hakuna mtu alituambia. Angalia tangu hapo: magonjwa, vita, hata bei ya mayai. Sisi tunaishi kwa makombo.

— Astaghfirullah, Daktari!

— Na hii reli, mbona haimaliziki?

Khalfan alisogea, akashusha sauti.

— Wamekuta jiwe. Jiwe la kalenda.

— Hapa Maryland?

— Huko chini kote kumeungana!

Anatoli hakucheka. Alijua mambo haya hayamo katika imani yake; rozari ilikuwa mfukoni, kando ya simu. Lakini mtu aliyekwisha kuzika, hofu humwingia hata kwa ufa mdogo. Angesema neno moja tu, subirini wiki ijayo, na binti yake angetii.

— Wiki moja tu, Khalfan alimsihi. Zipite.

— Presha haingoji, Mzee, alisema Festus, na sasa hakuwa na mzaha. Nimeiona. Ilichukua mama na mtoto, wote wawili.

Anatoli aliweka kikombe chini.

Kando yao, dada mmoja Mkenya ambaye hawakuwahi kumwona hapo, alikuwa akikunja shuka. Baadaye walijua anaitwa Serah.

— Samahani, wazee. Nimewasikia tangu mwanzo. Baba, mama Jacqueline aliwaacha siku gani?

— Jumapili ya Matawi.

— Na kwa Wamaya, hiyo ilikuwa siku mbaya ama nzuri?

Khalfan alifungua simu, akaifunga. Anatoli aliiona tena asubuhi ile: jua zuri, Ombeni akicheka, akiomba uji. Hakuna kilichomwonya mtu yeyote.

Akatoa simu.

— Jacqueline. Nenda kesho, kama walivyosema.

— Baba, sauti yako inatetemeka. Unaogopa?

— Naogopa sana, mwanangu. Nenda.