"No" Nne Kwenye Barua ya Wakwe

Benchi la kijiwe hiki alilichonga Randa mwenyewe, fundi seremala, ndiyo maana hakuna anayethubutu kusema kwamba linayumba. Kushoto hukaa Karani, aliyepiga chapa ofisini mpaka akastaafu na hadi leo hunyoosha kola kabla ya kusema lolote. Kati ni Wembe, kinyozi, ambaye wateja wake humwita kwa mluzi kutoka ng'ambo ya barabara. Mbele yao, kwenye jiko la mkaa, ni Shangazi Birika na kahawa yake. Pana sheria moja hapo: barua ikiandikiwa kwenye benchi, kila aliyepo anatia mkono wake, asiyetia asinywe. Asubuhi hiyo Randa alikuja na barua ya watu wanaomposa binti yake. Wao na yeye hawana lugha moja, hivyo waliandika Kiingereza, na jibu walilitaka kwa Kiingereza. Mjomba wa kijana alikuwa stendi akilisubiri. Basi lake linaondoka saa sita, na sasa ni saa tano na robo.

Randa alikuwa na karatasi, kalamu, na usiku mzima wa kutolala. Neno hakuwa nalo.

— Usikurupuke kukubali, Karani alianza. Mwingereza hakubali kitu mbele za watu. Anatanguliza "no", halafu kitenzi anakiburuta nyuma kwa "to", kama mtu na mbuzi wake. Andika: "in no position to refuse."

— Ndiyo nini?

— Hatuko kwenye nafasi ya kukataa.

— Mbona kama tumefungwa kamba?

— Hiyo ni adabu, Randa. Bosi wangu aliniambia yuko "in no position to promote" mimi kwa miaka kumi na tisa, cheo kile kile, na hakuna siku niliyotoka ofisini kwake nimekasirika. Nilikuwa nafika nyumbani ndipo nakasirika.

Randa akaandika. Wembe akachungulia, akasikitika.

— "No" moja? Wakwe wataona tuna njaa. Nina mteja wa benki, kila nikimuuliza kama nimalizie ndevu anasema yeye ni "in no hurry to leave". Weka "in no hurry to object."

— Hatuna haraka ya kupinga, Karani akatafsiri.

— Kwa hiyo tutapinga baadaye? Randa aliuliza.

— Tukijisikia. Sikiliza, seremala. Hiyo "to" ni mlango wa kibanda changu. Kitenzi kiko ndani, kimekaa kitini, shuka shingoni. "No" ni mimi, nimeshika wembe. Hapo kitenzi kitafurukuta kwenda wapi?

— Hilo halimo kitabuni, alisema Karani.

— Aliyeandika kitabu ananyolewa na nani?

Shangazi Birika aligonga sufuria kwa kijiko.

— Na mimi mnaniruka, kahawa mnakunywa ya nani? Mimi nimepika hosteli ya wageni miaka sita. Wale "no" zao wanazitoa kwa sababu ya baridi. Ukisema "nakubali" kwa baridi ile, mdomo unafunguka wote, meno yanaganda. "No" unaisema umefumba nusu. Weka "under no obligation to attend."

— Hatulazimiki kuhudhuria, alisema Karani. Kuhudhuria nini?

— Chochote. Wakwe wanaita sana, leo kikao, kesho kikao. Wafungie mlango mapema.

Likaandikwa. Ikabaki zamu ya mwenye barua. Randa alishika kalamu kwa muda ambao angemaliza kupiga randa ubao mzima.

— Karani, "sitaki" ya adabu inakuwaje?

— "With no wish to."

— Weka hiyo.

— "With no wish to" nini?

— Kumpoteza.

Karani akachukua kalamu, akaandika polepole, kisha akasimama kusoma, kola imenyooka:

— "Dear in-laws, being in no position to refuse, in no hurry to object, under no obligation to attend, and with no wish to lose her, we remain."

— Tunabaki? Tunabaki wapi?

— Barua za ofisini zote zinabaki, Randa. Usiingilie fani za watu.

Wakati huo binti akatokea, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, cherehani ameiacha na nguo ya mtu nusu.

— Shikamooni. Mjomba anapiga simu kutoka stendi. Jibu liko wapi?

Akapewa. Akasoma mara moja. Akasoma tena, huku kidole kikifuata mistari.

— Baba, hapa umekubali au umekataa?

Randa alimtazama Karani. Karani alimtazama Wembe. Wembe alitazama ng'ambo, akitamani mluzi. Shangazi Birika alikoroga kahawa isiyo na sukari.

— Ina adabu, Karani alisema mwishowe.

— Naiona adabu yake, mzee wangu. Naulizia mume.

Binti akajisogeza kwenye benchi, akakaa ubavuni mwa baba yake.

— Na hili la mwisho nani kalitia?

Randa akakwangua gundi iliyokauka kwenye kidole gumba.

— Watu wenyewe wa mbali, akasema. Mtakaa wapi?

— Kwani hujaambiwa? Mwenzangu kapata kazi hapa hapa. Tumepanga chumba nyuma ya kibanda cha Baba Wembe, wiki ya pili sasa. Kodi anapokea yeye.

Randa aligeuka, shingo kwanza, kisha mabega, kisha mtu mzima.

— Nilikuwa "in no position to say", alisema Wembe.

Randa alikuwa anapima kwa macho kutoka kwenye benchi, kuvuka barabara, mpaka ukuta wa nyuma wa kibanda. Hatua ishirini na mbili, ukizunguka mtaro. Akaigeuza karatasi upande mweupe, akamsukumia binti yake kalamu.

— Andika tumekubali, mwanangu. Kaandikie njiani, kabla hawa hawajakusaidia.